Mwanga, giza na taharuki: jinsi mwili unavyousoma mwanga

1. Swali lilivyozaliwa

Jioni moja tulikuwa katika chumba cha kusomea, wanafunzi kumi na watano hivi, tukijiandaa kwa mtihani wa isimu. Umeme ukakatika. Hakuna aliyeshangaa: mmoja aliwasha tochi ya simu yake, mwingine akasema tuendelee kwa mazungumzo, na mimi mwenyewe nikaeleza ngeli za Kiswahili gizani bila shida yoyote. Baada ya nusu saa umeme ulirudi. Taa za neoni zilizo darini, zile ndefu za zamani ambazo kabla ya kuwaka huonyesha wekundu kwenye ncha zake mbili, zilipepesa mara tatu, mara nne, kisha zikawaka zote kwa pamoja.

Nilijikuta nje, kwenye ngazi. Moyo ulikuwa unapiga kwa nguvu, mikono inatetemeka, pumzi hazitoshi, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba ninakufa. Baada ya dakika kama kumi yote yaliisha. Wenzangu walinizunguka kwa upendo na kwa maelezo mengi. Mmoja aliuliza, "Dada, ni mapepo?" Mwingine alisema ni njaa. Wa tatu aliniambia niache kuogopa giza kama mtoto mdogo.

Huyo wa tatu ndiye aliyenifikirisha. Gizani nilikuwa nimekaa kwa amani. Kilichonikimbiza kilikuwa mwanga. Tangu utotoni tunafundishwa kwamba giza huleta hofu na mwanga huiondoa. Je, inawezekanaje mwanga wenyewe umtie mtu hofu? Nimesoma juu ya jambo hili kwa miezi kadhaa na nimezungumza na daktari mmoja. Katika makala hii ninaeleza niliyoyaelewa, kwa sababu naamini yanawahusu wengi katika kitivo chetu, na kwa sababu sehemu ya jibu imo katika lugha.

2. Maneno kwanza

Kabla ya kueleza mwili, tupange maneno. Kiswahili kina maneno mengi ya hofu, nasi tunayachanganya ovyo. Woga, ambao nyumbani wengi wetu tunauita bwoga kama tunavyosema bunga na busiku, ni tabia au hali ya kuogopa kwa jumla. Hofu, neno lenye asili ya Kiarabu, mara nyingi ina kitu maalumu mbele yake: ninahofia mtihani, ninahofia nyoka. Wasiwasi hauna uso ulio wazi. Ni mashaka yanayorudi-rudi. Mshtuko ni wa ghafla na ni wa mwili: mlango unabamizwa, unaruka kabla hujajua umeruka. Taharuki ni hofu iliyopanda hadi ikamshinda mtu au umati. Neno hili nalo linatoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kusogea au kutikisika. Asili hiyo ni ya kukumbukwa, maana mwenye taharuki hatulii; mwili wake umeshaamua kuondoka.

Kilichonipata kwenye ngazi, madaktari wanakieleza kama shambulio la taharuki. Huja ghafla, hufika kileleni ndani ya dakika chache, na dalili zake ni hizo nilizozitaja: moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, kukosa pumzi, hofu ya kufa au ya kurukwa na akili. Anayeiita njaa anampa mgonjwa mkate. Anayeiita mapepo anampeleka kwenye maombi ya usiku kucha. Jina tunalolitoa ndilo linaloamua mlango atakaopelekwa.

Upande wa pili wa mada yetu, yaani mwanga, nao si neno jepesi. Kamusi huweka "mwanga" mara mbili. Mwanga wa kwanza, wingi wake mianga, ni ule wa jua na wa taa. Mwanga wa pili, wingi wake wanga, ni mtu anayewanga usiku, ambaye huku kwetu tunamwita mlozi. Sidai kwamba maneno hayo mawili yana mzizi mmoja. Ninaona tu kwamba sikio la Mswahili limezoea kusikia nuru na kitisho katika sauti ileile.

3. Jicho lina kazi mbili

Shuleni tulijifunza kwamba jicho ni la kuona. Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, wenye chembe za aina mbili zinazopokea mwanga: moja hutusaidia kuona katika mwanga hafifu, nyingine hutuonyesha rangi na undani wa vitu. Lakini jicho lina kazi nyingine ambayo haitoi picha yoyote. Mwaka 1998 Ignacio Provencio na wenzake walieleza kemikali inayoitwa melanopsini, waliyoipata kwanza katika ngozi ya chura. Mwaka 2000 ilitambuliwa katika retina ya binadamu. Mwaka 2002 kikundi cha David Berson, Marekani, kilionyesha kwamba baadhi ya chembe za retina zenye uwezo wa kupeleka ujumbe kwenye ubongo huitikia mwanga zenyewe, bila msaada wa zile aina mbili za kwanza.

Chembe hizi huitikia zaidi mwanga wa rangi ya buluu. Hazimwambii mtu kuna nini mbele yake. Zinauambia ubongo kuna mwanga kiasi gani. Kwa habari hiyo ubongo hupanga saa ya mwili, hubana au hupanua mboni, na huamua kiasi cha kuwa macho au kusinzia. Kwa hiyo mwanga huingia mwilini kama picha, na tena huingia kama kipimo. Kipimo hicho hufanya kazi hata pale ambapo mtu haangalii kitu chochote.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo mbili, moja kila upande, zenye umbo linalofanana na tunda la lozi. Zinaitwa amigdala, na zina kazi kubwa katika kutambua hatari na kuuamsha mwili. Mtafiti Joseph LeDoux, aliyefanya kazi nyingi juu ya hofu kwa kutumia panya na sauti, alieleza kwamba habari ya hatari inaweza kufika katika amigdala kwa njia mbili. Njia fupi ni ya haraka lakini haina undani. Njia ndefu hupita kwanza katika gamba la ubongo, mahali ambapo mambo huchambuliwa, ndipo ifike. Kwa njia fupi mtu anaruka. Kwa njia ndefu anagundua kwamba lile joka lilikuwa kamba. Tangu niliposoma hayo sishangai tena kwamba miguu yangu ilifika kwenye ngazi kabla ya akili yangu.

4. Mtu na panya hawaogopi kitu kimoja

Je, ni kweli kwamba giza huongeza hofu? Kwa binadamu, ndiyo, na jambo hilo limepimwa. Ukimshtua mtu kwa sauti kali ya ghafla, kope zake hufumba bila kutaka. Nguvu ya kufumba huko inaweza kupimwa. Mwaka 1997 Christian Grillon na wenzake walionyesha kwamba watu wanaosikia sauti hiyo wakiwa gizani hushtuka zaidi kuliko wanapoisikia katika mwanga.

Mwaka huohuo David Walker na Michael Davis walichapisha matokeo ya jaribio lililofanana na hilo, lakini kwa panya. Matokeo yalikuwa kinyume: panya waliowekwa katika mwanga mkali walishtuka zaidi. Panya ni mnyama wa usiku. Giza ni nyumba yake, na mwangani ndipo adui anapomwona. Sisi ni viumbe wa mchana. Macho yetu ni hafifu usiku, na anayeweza kutudhuru gizani anatuona kabla hatujamwona.

Majaribio hayo mawili yakiwekwa pamoja yanafundisha jambo moja kubwa: hofu haimo ndani ya giza, wala haimo ndani ya mwanga. Kila mwili huuliza swali moja: hali hii inamaanisha nini kwa usalama wangu? Kwa panya jibu ni hili, kwa mtu ni lile. Na kwa mtu mmoja mmoja jibu linaweza kubadilika, kwa sababu mtu hujifunza.

5. Mwanga kama ishara: mfano wa Goma

Mimi ni mzaliwa wa Goma. Anayeujua mji huo anajua kwamba kaskazini yake kuna mlima wa moto, Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 uji wake wa moto ulipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Baadaye ndani ya kreta lilirudi ziwa la moto, na kwa miaka mingi, usiku mawingu yakiwa mazuri, tuliona wekundu juu ya mlima. Kwetu sisi watoto wekundu ule ulikuwa kitu cha kawaida kama mbalamwezi. Wageni walipiga picha. Sisi tuliendelea kuosha vyombo.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, giza lilipoingia, wekundu uleule ulionekana, lakini haukuwa mahali pake wala kwa kipimo chake. Anga nzima iliiva. Hakuna tangazo tulilokuwa tumelisikia. Mwanga ndio uliokuwa tangazo. Watu walibeba magodoro na watoto, wengine wakaelekea Gisenyi upande wa Rwanda, wengine barabara ya Sake. Mama alituhesabu kwa kutushika vichwa, mmoja mmoja, kwa sababu hakuiamini sauti ya yeyote. Uji wa moto ulisimama kandokando ya mji, lakini watu zaidi ya thelathini walikufa usiku ule na siku zilizofuata, na maelfu walipoteza nyumba. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, mitaa mingi ya mji iliamriwa kuhama.

Tazama basi: rangi moja, mlima mmoja, macho yaleyale. Ijumaa wekundu ulikuwa pambo. Jumamosi ulikuwa amri ya kukimbia. Kilichobadilika ni maana. Katika isimu tunajua kwamba alama moja inaweza kubeba maana mbili kulingana na muktadha. Amigdala nayo inasoma alama, ila haina subira ya mwanaisimu. Ikishafundishwa maana moja kwa uchungu, hushika hiyo na kuitumia kila mahali.

Jambo hili nalo limechunguzwa katika maabara. Panya akiwashiwa taa na mara hiyohiyo akapigwa na umeme kidogo, baada ya kurudia mara chache taa peke yake inatosha kumfanya ashtuke zaidi akisikia sauti. Mwaka 1986 Janice Hitchcock na Michael Davis walionyesha kwamba panya ambaye amigdala zake zimeharibiwa haonyeshi tena hofu hiyo ya taa. Taa kwao haikuwa na uchungu wowote. Ilikuwa habari tu ya uchungu unaokuja. Wazee walishalisema bila maabara: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo wangu mimi ulikuwa wekundu wa ncha za neoni, unaotokea ghafla baada ya giza.

6. Mwanga unaousumbua mwili

Lakini kumbukumbu ya mlima haielezi yote. Kuna watu wasio na historia kama yangu, nao wanasema wanapata kizunguzungu na moyo kwenda mbio katika maduka makubwa au kumbi zenye neoni nyingi. Hapa tunarudi kwenye mwili wenyewe.

Taa ya neoni ya mtindo wa zamani haiwaki mfululizo kama inavyoonekana. Umeme wetu hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa hiyo hupepesa mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni kupepesa huko, lakini mfumo wa neva unaweza kukupokea. Mwaka 1990, huko Uingereza, Hazell na Wilkins waliandika kwamba mwanga wa aina hiyo unaweza kuchangia dalili za watu wanaoogopa maeneo ya wazi na ya umati. Neno "kuchangia" ni la muhimu. Taa haimpi mtu mzima ugonjwa. Inamwongezea mzigo yule aliyekwisha kuelemewa.

Kuna pia mboni. Mtu akiogopa, mwili wake hutoa adrenalini na mboni zake hupanuka. Kwa kawaida mwanga mkali huzibana mara moja ili jicho lisitiwe kiwi. Mwaka 1996 Panos Bitsios na wenzake waligundua kwamba mtu anayengojea kupigwa na umeme kidogo, yaani mtu aliye katika tishio, mboni zake hubana kidogo kuliko kawaida mwanga unapomulikwa. Kwa maneno mengine, hofu huacha dirisha wazi. Mwanga unaingia mwingi, unaumiza, vitu vinaonekana vigeni na vikali mno. Mwenye hofu anauhisi ugeni huo na kujiambia kwamba kuna kitu kibaya kinamtokea. Hofu inapanda, na mboni zinabaki wazi. Huo ni mduara, na mtu aliye ndani yake hawezi kuukata kwa kuambiwa tu "acha kuogopa".

7. Mwanga unaotuliza

Nisimwache msomaji akidhani ninautetea usiku. Mwanga wa kadiri, usiopepesa, kwa kawaida ni rafiki wa binadamu. Mwaka 2021 watafiti wa Australia wakiongozwa na Elise McGlashan waliwaweka watu katika mashine inayopiga picha za ubongo unavyofanya kazi, wakiwabadilishia giza na mwanga. Mwanga ulipunguza shughuli za amigdala, na mwanga wa lux 100, ambao ni kama wa chumba cha kawaida kilichowashwa taa, ulizipunguza zaidi kuliko mwanga hafifu. Tena, katika mwanga, amigdala iliwasiliana kwa karibu zaidi na sehemu ya mbele ya ubongo ambayo husaidia kuituliza hofu.

Pia mwanga wa jua la asubuhi huiweka sawa saa ya mwili, na saa ikiwa sawa usingizi huja kwa wakati. Kwa upande mwingine, mwanga mkali wa simu usiku wa manane huichelewesha. Mwanafunzi asiyelala vizuri ana wasiwasi zaidi, na mwenye wasiwasi halali. Sisi tunaosoma usiku kwa simu na kulala hadi jua limepanda tunajichimbia shimo hilo wenyewe.

8. Tuseme nini, tufanye nini

Kuna methali nyingine ambayo kila mmoja wetu anaijua: mmulika nyoka huanzia miguuni pake. Kwa kawaida tunaifasiri kama wito wa kujisahihisha kabla ya kusahihisha wengine. Katika mada hii naichukua kwa maana yake ya wazi kabisa: mwanga una faida pale unapoelekezwa mahali panapofaa, kwa kiasi kinachofaa. Kumulikwa usoni si sawa na kumulikiwa njia. Mwanga ni uleule. Mwelekeo umebadili kila kitu, na Kiswahili kimeiweka tofauti hiyo katika kiambishi kimoja.

Basi, mwenzetu akipatwa, nina mapendekezo machache. Kwanza, tusimmulike usoni kwa tochi ili kumchunguza. Mboni zake ziko wazi, tutamwongezea tu. Tumsogeze penye mwanga mpole, au nje penye kivuli. Pili, tumwambie kwa sauti ya kawaida kinachotokea: "Hii ni taharuki. Itapanda, kisha itashuka. Tupo hapa." Maneno hayo hupita njia ndefu ya ubongo na huchelewa kufika, lakini hufika. Tatu, ikiwa ni mara ya kwanza, au kifua kinauma, aonwe na daktari, kwa sababu moyo, damu na magonjwa mengine yanaweza kufanana na taharuki. Anayetaka kumwombea amwombee, ila safari ya hospitali isingojee maombi yaishe. Nne, mashambulio yakijirudia, kuna matibabu. Mojawapo ni kumzoesha mtu taratibu kile anachokiogopa, pamoja na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Katika matibabu hayo hofu ya zamani haifutwi. Mwili hujifunza maana mpya, ikakaa pembeni ya ile ya kwanza, na kwa mazoezi ikapata nguvu kuliko hiyo.

Ndivyo ninavyofanya mimi sasa. Katika chumba chetu cha kusomea tumechanga tukanunua taa moja ndogo ya kuchaji. Tunaiwasha mapema jioni na kuielekeza ukutani, ili umeme ukikatika giza lisiwe kamili, na ukirudi tofauti isiwe kubwa. Rafiki yangu, yuleyule aliyeniuliza kuhusu mapepo, amejipa kazi nyingine. Akisikia jenereta za jirani zimezimwa, anajua umeme umerudi mtaani na utatufikia sasa hivi. Anasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari lake, "Dada, taa zitapepesa." Zinapepesa, ncha zinakuwa nyekundu, moyo wangu unapiga mara mbili tatu kwa nguvu, na mimi ninabaki kitini.